Karani Mmoja Mlangoni: Jinsi Mtambo wa Simu Unavyosoma Neno

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria

  Kiongozi wa kikundi, tafadhali futa ubao uwe safi na uweke chaki karibu. Leo tutaandika maneno machache na namba chache.

Katika darasa la kisomo tunajifunza kusoma maneno mafupi: bei, tarehe, majina ya mahali. Leo twataka kuona kwamba mtambo nao husoma maneno mafupi, na kwamba shida zake katika kusoma zafanana sana na shida zetu. Kisha tutaona jinsi mafundi walivyoifanya kazi hiyo iwe nyepesi, na mahali ambapo wepesi huo wahitaji uangalifu.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, jambo hili lanihusu nini mimi mwuza dagaa?" Swali hilo ni zuri. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi. Utaona mnunuzi akipima mzigo, na badala ya kutoa noti anatoa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na tangu wakati huo watu wengi hulipana kwa simu. Sikilizeni vizuri: fedha hizo hazimo ndani ya simu yenyewe. Zimeandikwa katika daftari la kampuni. Lakini simu ndiyo mlango wa kulifikia daftari hilo. Simu ikizimika ghafula mbele ya mteja, mlango umefungwa, na mzigo unangoja. Basi yafaa tujue kidogo kinachofanyika ndani yake.

MSIMAMIZI NA WATUMISHI WAKE

Ndani ya simu ya kupangusa mna programu nyingi. Ipo ya kupiga picha, ipo ya kutuma ujumbe, ipo ya hesabu. Chini ya zote ipo programu moja iliyo msimamizi wa nyingine. Yaitwa kerneli, maana yake kiini. Kerneli ndiyo igawayo kumbukumbu na zamu za kazi, na ndiyo ilindayo mlango wa kila kifaa.

Kerneli haizungumzi na vifaa bila msaada. Kioo, kamera, taa na tundu la chaji, kila kimoja kina programu ndogo inayojua lugha yake. Programu hiyo ndogo yaitwa draiva. Kifaa kisicho na draiva ni kama mgeni asiye na mkalimani: yupo, lakini hakuna amwelewaye.

Jambo moja lishikeni sana. Programu ya picha ikikosea, hufungwa peke yake na simu huendelea kufanya kazi. Lakini draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kerneli yenyewe. Draiva ikikosea vibaya, yaweza kuiangusha kerneli nzima, na simu nzima ikazimika au ikajiwasha upya. Tufikirie meli. Abiria mmoja akiugua, safari huendelea. Nahodha akizimia usukanini, wote wamo hatarini. Kwa sababu hiyo kosa dogo katika draiva si dogo.

Kerneli iliyomo katika simu za Android yaitwa Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland. Tangu hapo watu maelfu wameiongezea kazi yao, na leo ina mistari zaidi ya milioni 30. Sehemu kubwa ya mistari hiyo ni draiva.

ORODHA YA VIFAA

Sasa fikirini. Simu ziko za aina nyingi sana. Kerneli yajuaje kwamba simu hii ina taa ya aina hii, na tundu la chaji la aina ile? Vifaa vingi vya ndani ya simu haviwezi kujitaja. Basi mtengenezaji huandika orodha. Orodha hiyo yaitwa mti wa vifaa, kwa kuwa imepangwa kama shina, matawi na vitawi. Kwa kila kifaa huandikwa sifa zake: anwani yake, jina la aina yake, na namna anavyotakiwa kukitumia.

Zamani mambo hayakuwa hivyo kwa mitambo ya aina itumikayo katika simu. Maelezo ya kila bodi yaliandikwa ndani ya kerneli yenyewe, bodi moja faili moja, mpaka faili zikawa rundo. Mwaka 2011 Torvalds alilalamika waziwazi juu ya rundo hilo, na kuanzia hapo mafundi wakahamia katika mti wa vifaa.

Baadhi ya sifa ni namba. Nyingine ni maneno. Tuchukue mfano wa tundu la chaji. Ukiunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, simu ndiyo mgeni, na kompyuta ndiyo mwenyeji. Lakini ukichomeka flashi katika simu, simu yageuka kuwa mwenyeji. Katika mti wa vifaa ipo sifa iitwayo dr_mode, nayo huandikwa neno moja kati ya matatu: "host", yaani tundu hili ni mwenyeji, "peripheral", yaani ni mgeni, au "otg", yaani laweza yote mawili kwa zamu. Draiva ya tundu husoma neno hilo, kisha hujipanga. Ikilisoma vibaya, flashi haitaonekana, au kompyuta haitaiona simu.

NENO NDANI YA MTAMBO

Kiongozi wa kikundi, andika ubaoni neno "host". Chini ya kila herufi andika namba yake: h ni 104, o ni 111, s ni 115, t ni 116. Kisha mwishoni, baada ya t, andika 0.

Hivyo ndivyo mtambo unavyoliona neno hilo. Haujui sauti wala maana. Unaona namba tu. Lugha ya programu iitwayo C, ambayo Linux imeandikwa kwayo kwa sehemu kubwa, huweka sifuri mwishoni kuwa alama kwamba neno limekwisha. Basi neno la herufi nne huchukua nafasi tano.

Sasa andika "Host" kwa H kubwa. Namba ya H kubwa ni 72, wala si 104. Sisi twasoma neno lile lile. Mtambo waona maneno mawili tofauti. Na tena, je, sifuri ya mwisho ikikosekana? Mtambo utaendelea kusoma namba zilizofuata, hata kama si za neno hilo, mpaka ukutane na sifuri mahali pengine. Ni sawa na msomaji asiyeona nukta mwisho wa barua yake, akaendelea kusoma barua ya jirani.

KARANI NA MAJINA YA BANDARI

Ili tuelewe kazi ya draiva, tumfikirie karani wa mizigo katika bandari ya Mwanza. Mbele yake ipo orodha ya mahali meli ziendako. Andikeni: sifuri, Bukoba; moja, Kemondo; mbili, Nansio; tatu, Musoma. Msishangae kwamba tumeanza na sifuri. Mitambo huanza kuhesabu hapo.

Gunia laletwa. Karani hana budi kuuliza maswali manne, na kwa utaratibu huu:

Kwanza, je, gunia lina kibandiko?

Pili, je, kibandiko kina maandishi, au ni kitupu?

Tatu, je, maandishi yamekamilika, au yamechanika mwishoni?

Nne, je, jina lililoandikwa limo katika orodha? Kama limo, ni la ngapi?

Akimaliza maswali hayo, hatoi tena jina. Hutoa namba: "Gunia hili ni mbili." Wapakiaji huelewa kwamba laenda Nansio. Draiva hufanya kazi iyo hiyo. Husoma neno katika mti wa vifaa, hulitafuta katika orodha yake, kisha hutumia namba.

Shida ilikuwa nini? Shida ni kwamba kila draiva ilikuwa na karani wake. Draiva ziko maelfu, na waandishi wake ni wengi. Kila mmoja aliandika maswali yale manne kwa namna yake mwenyewe. Hapo ndipo makosa yalipopata nafasi. Tutazame matatu.

Kosa la kwanza ni kuruka swali. Karani haangalii kama kibandiko kipo. Aenda moja kwa moja kusoma. Ndani ya draiva maana yake ni kwamba sifa haikuandikwa, mahali pa neno pamebaki na takataka za kazi iliyopita, na draiva yasoma takataka hizo kana kwamba ni neno. Hapo ndipo kerneli yaweza kuanguka na simu kuzimika.

Kosa la pili ni kusoma herufi za mwanzo tu. Fikirini majina Mwanza, Mwaloni na Mwadui. Yote matatu yaanza na M, w, a. Karani mvivu asomaye herufi tatu tu atapeleka mzigo wa Mwadui mahali pengine kabisa. Wako waandishi wa draiva waliolinganisha sehemu ya neno, na neno lisilo sahihi likapita kana kwamba ni sahihi.

Kosa la tatu hutokana na desturi ya ajabu ya lugha ya C. Chombo chake cha kulinganisha maneno hutoa sifuri maneno yakiwa sawa, na namba nyingine yakiwa tofauti. Lakini katika lugha hiyo hiyo sifuri humaanisha "hapana" mtu aulizapo ndiyo au hapana. Kwa hiyo mwandishi aliyechoka husahau alama moja, na draiva yake husema "ndiyo" kwa kila neno isipokuwa lile lililo sahihi.

KARANI MMOJA KWA WOTE

Dawa yake mwaifahamu hata katika mambo ya kijiji. Kama mizani nyingi zapima tofauti, watu hukubaliana kutumia mizani moja iliyokaguliwa. Mafundi wa Linux walifanya vivyo hivyo. Mwaka 2016 waliweka ndani ya kerneli chombo kimoja cha kutafuta neno katika orodha, kiitwacho match_string. Huyo alikuwa karani wa swali la nne. Baadaye, katika miaka ya 2020, waliongeza chombo kingine kinachouliza maswali yote manne kwa pamoja: husoma sifa, huikagua, huitafuta katika orodha, na hurudisha namba. Jina lake ni refu kama treni ya Reli ya Kati: fwnode_property_match_property_string. Msihangaike kulikariri. Tuendelee kumwita karani wa mlangoni.

Karani huyu hujibu hivi. Neno likiwamo katika orodha, hutoa namba yake, kuanzia sifuri. Kama kuna tatizo, hutoa namba iliyo chini ya sifuri, na kila tatizo lina namba yake. Kiongozi, andika ubaoni:

Sifa haikuandikwa: toa 22.
Sifa imeandikwa lakini haina kitu: toa 61.
Neno halina sifuri ya kulifunga: toa 84.
Neno ni zima lakini halimo katika orodha: toa 2.

Faida yake ni nini? Faida ya kwanza ni ufupi. Mistari kumi hivi ya draiva yaweza kuwa mitatu. Faida ya pili ni kwamba karani akikutwa na kosa, husahihishwa mahali pamoja, na draiva zote zinazomtumia hupona pamoja. Faida ya tatu ni ya msomaji. Fundi anayefungua draiva asiyoijua aona jina moja alilolizoea, na mara moja ajua kinachofanyika. Sisi tulio katika kisomo twajua thamani ya jambo hilo. Mwandiko unaosomeka kwa urahisi huonyesha makosa yake mwenyewe.

WEPESI WENYE UANGALIFU

Lakini tusidhani kwamba kufupisha ni kukata tu. Yako mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza: kukosekana kwa neno si sawa na kukosewa kwa neno. Gunia lisilo na kibandiko laweza kuwa na desturi yake. Kwa mfano, karani ameambiwa kwamba mizigo isiyo na jina ibaki Mwanza. Hilo halina ubaya. Lakini gunia lililoandikwa "Nanzio" lina mwenyewe aliyetaka liende mahali fulani, akakosea herufi. Karani akilichanganya na yale yasiyo na jina na kukaa kimya, mzigo utaozea ghalani na mwenyewe hatajua sababu. Draiva njema hufanya hivyo hivyo. Ikipata toa 22, yaweza kufuata desturi. Ikipata toa 2, yapasa iandike katika kumbukumbu za mtambo kwamba imeona neno isilolijua. Mwandishi anayefupisha draiva na kuyatupa majibu yote ya makosa katika kapu moja, amepunguza mistari na ameongeza giza.

La pili: mpango wa orodha ni sehemu ya maana. Ukibadilisha orodha, ukaweka Musoma mahali pa Nansio, namba mbili sasa yaitwa Musoma. Wapakiaji waliozoea namba ya zamani watapeleka samaki kusikotakiwa. Kwa hiyo jina jipya huongezwa mwishoni, au namba zote hukaguliwa upya pamoja na orodha.

La tatu: simu za zamani zingali mikononi mwa watu. Mti wa vifaa uliotiwa katika simu kiwandani mara nyingi hukaa humo miaka mingi. Kama draiva ya zamani ilikubali neno lililoandikwa ovyo, na draiva mpya iliyofupishwa yalikataa, kifaa kilichofanya kazi jana hakifanyi kazi leo. Mafundi wa Linux wameshika kanuni kwamba kerneli mpya isiharibu kilichokuwa kikifanya kazi. Basi afupishaye hana budi kuuliza kwanza, "Karani wa zamani alikubali maneno gani?" Simu iliyonunuliwa kwa akiba ya msimu mzima wa dagaa haipaswi kuharibiwa na mtu aliyetaka tu mwandiko mzuri.

NANI AFANYAYE KAZI HII

Maandishi ya Linux hayakufichwa. Sheria yake ya matumizi humruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyanakili na kuyabadilisha. Anayetaka kusahihisha draiva huandika sahihisho lake, hueleza sababu yake kwa maneno, na hulituma kwa barua pepe kwa wasimamizi wa sehemu hiyo. Wenzake hulisoma hadharani. Hulisifu au hulipinga, na mara nyingi hulirudisha litengenezwe tena. Likikubaliwa, jina la mwandishi hubaki limeandikwa pamoja na kazi yake. Masahihisho madogo ya kufupisha kama haya ya leo ndiyo mara nyingi huwa mlango wa kuingilia kwa wanaoanza, kwa kuwa ni mafupi na yana faida inayoonekana.

Watu wetu si wageni katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ziliwezekana kutafsiriwa kwa sababu maandishi yake yalikuwa wazi kwa wote.

Na hapa Mwanza tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Mwaka 1968 Serikali, pamoja na Umoja wa Mataifa na shirika lake la UNESCO, walianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, na makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa njia ya kazi ya mtu, kama vile kilimo cha pamba na uvuvi. Fikra yake ilikuwa kwamba mtu ajifunze neno kwa sababu neno hilo lina kazi maishani mwake. Neno "Nansio" juu ya gunia lina kazi. Neno "host" katika mti wa vifaa lina kazi vilevile. Ukilisoma nusu, au ukilidhania bila kulitazama, kazi yaharibika.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA DARASANI

Kiongozi wa kikundi, soma maswali haya polepole, na umpe kila mmoja nafasi ya kujibu.

1. Neno "otg" lina herufi ngapi, na huchukua nafasi ngapi katika mtambo? Kwa nini?

2. Katika orodha yetu ya bandari, karani ametoa namba tatu. Mzigo unakwenda wapi?

3. Gunia la kwanza halina kibandiko. Gunia la pili limeandikwa "Bukobaa". Karani wa mlangoni atatoa namba gani kwa kila gunia? Je, wapakiaji wafanye jambo moja kwa yote mawili?

4. Katika kazi yako, iwe sokoni, mwaloni, shambani au nyumbani, ni kazi gani ambayo kila mtu aifanya kwa namna yake na ingefaa ifanywe kwa utaratibu mmoja? Je, katika kuibadilisha, ni nani angeweza kuumia asipoulizwa kwanza?

Swali la nne liandikeni katika madaftari yenu, kila mtu kwa mkono wake, sentensi mbili au tatu. Mwalimu wa darasa atasahihisha.